Kulinganisha nchi kwa machapisho ya utafiti wa vimelea vya magonjwa: mwongozo kamili

Grafu inapanda, nchi moja inaonekana kuzipita nyingine ghafla, na mwandishi anaandika kwamba nchi hiyo imewekeza zaidi katika utafiti. Mara nyingi nchi haijafanya jambo lolote jipya. Kilichobadilika ni hifadhidata: imeanza kuandika anwani za waandishi wote, imeongeza majarida, au imeanza kuhifadhi muhtasari wa makala. Hapo ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibikia, za wanafunzi na hata zilizokwisha kuchapishwa, na hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu zaidi.

Mfano wetu tangu mwanzo hadi mwisho ni kipindupindu na bakteria anayekisababisha, Vibrio cholerae. Una mitego karibu yote unayoweza kukutana nayo. Ukiumudu, bakteria Klebsiella, malaria au Ebola hazitakushinda.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Hifadhidata mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuhakikishia. PubMed ni ya bure na ina rekodi zaidi ya milioni 35 za tiba na sayansi ya viumbe. OpenAlex nayo ni ya bure, na ina machapisho zaidi ya milioni 200 ya fani zote. Scopus na Web of Science hulipiwa. Uliza maktaba ya chuo chako kama inazo.
- Lahajedwali, LibreOffice Calc au Excel, kwa makala elfu chache. Zikizidi hapo, tumia lugha za programu kama R au Python. Kifurushi cha bibliometrix cha R husoma faili za PubMed, Scopus na Web of Science moja kwa moja.
- OpenRefine, programu ya bure ya kusafisha majina yaliyoandikwa kwa namna nyingi.
- Misimbo ya nchi ya ISO 3166 yenye herufi tatu. Bila hiyo utateseka katika hatua ya 6.
- Takwimu za kugawia (utazihitaji hatua ya 8): idadi ya watu na pato la taifa kutoka Benki ya Dunia, idadi ya watafiti kutoka UNESCO, idadi ya wagonjwa kutoka WHO.
- Orodha ya makala 20 hadi 30 unazojua kwa hakika kwamba zinahusu kimelea chako, kutoka nchi na miaka tofauti. Zitakuwa kipimo cha utafutaji wako.
- Faili la kumbukumbu la kuandika tarehe, maneno uliyotafuta na idadi uliyopata, kila mara unapotafuta.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Utafiti wa kipindupindu unakuaje duniani?" halijibiki. Swali linalojibika lina kimelea, nchi, miaka na kipimo. Kwa mfano: kati ya 2000 na 2022, hisa ya makala za kipindupindu katika machapisho yote ya tiba ya Bangladesh, India, Haiti na Marekani imebadilika kiasi gani?

Chagua nchi kabla ya kuona namba, na uandike kwa nini umezichagua. Ukisubiri kuona grafu kwanza, utajikuta unachagua zile zenye mistari ya kuvutia.

Usiingize mwaka huu wala mwaka uliopita. Makala huchelewa kuingizwa kwenye hifadhidata, hivyo ncha ya grafu huinama hata kama hakuna nchi iliyopunguza utafiti. Nimeona hitimisho zima la tasnifu likijengwa juu ya mteremko huo wa miaka miwili ya mwisho.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine akisoma sentensi yako anaweza kukwambia safu zitakazokuwa kwenye jedwali lako la mwisho.

## Hatua ya 2: Ijue hifadhidata yako ilibadilika lini

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, kwa sababu inaonekana kama kusoma maelezo ya matumizi tu. Ndiyo itakayokuokoa kwenye hatua ya 9. Chora mstari wa miaka kwenye karatasi na utie alama hizi.

PubMed. Kabla ya 1988 rekodi zake hazikuandikwa anwani za waandishi. Kuanzia 1988 hadi 2013 iliandikwa anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Kuanzia 2014 zinaandikwa anwani za waandishi wote. Kuanzia 1995 neno "USA" lilianza kuongezwa mwishoni mwa anwani za Marekani, kwa hiyo ukitafuta neno hilo utaona Marekani "ikiamka" mwaka huo. Na kuanzia 2022, vichwa vya mada viitwavyo MeSH huwekwa na kompyuta, na wataalamu hukagua baadhi tu.

Web of Science. Muhtasari wa makala umehifadhiwa kuanzia 1991. Makala za nyuma ya hapo hutafutwa kwa kichwa cha habari peke yake, kwa hiyo karibu kila mada huonekana kuruka mwaka 1991. Mwaka 2015 ilianzishwa orodha ya ziada iitwayo Emerging Sources Citation Index, ambayo iliingiza maelfu ya majarida, mengi ya kikanda, na baadaye ikarudishwa nyuma hadi 2005. Nchi zinazochapisha zaidi katika majarida ya nyumbani zilipanda kwa sababu hiyo tu.

OpenAlex. Ilizinduliwa Januari 2022, ikirithi data za Microsoft Academic Graph, hifadhidata ya kampuni ya Microsoft iliyofungwa mwishoni mwa 2021. Inaongezewa na kusafishwa kila wakati, hata kwa miaka ya zamani. Idadi unayoipata leo haitakuwa ile ile baada ya miezi sita, ndiyo maana tarehe ya kutafuta ni lazima iandikwe.

Onyo. Usichanganye hifadhidata mbili katika mstari mmoja wa grafu, yaani PubMed hadi 2010 kisha Scopus kuanzia 2011. Utakuwa umetengeneza mruko kwa mkono wako.

## Hatua ya 3: Tunga maneno ya kutafutia

Ukiandika "cholera" peke yake, utavuna vitu vinne visivyohusika na kipindupindu cha binadamu.

Cha kwanza ni homa ya nguruwe inayoletwa na virusi, ambayo kwa miaka mingi iliitwa "hog cholera" katika maandishi ya Kiingereza. Cha pili ni "fowl cholera", ugonjwa wa kuku na ndege wengine unaosababishwa na Pasteurella multocida.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi. Sumu ya kipindupindu, hasa sehemu yake iitwayo B, hushikamana na mafuta ya GM1 kwenye utando wa seli, na kwa sababu hiyo maabara za neva huitumia kufuatilia njia za nyuzi za neva mwilini. Makala hizo hazina uhusiano wowote na wagonjwa wa kuharisha. Hutoka kwenye nchi zenye maabara kubwa za neva, na usipoziondoa utazihesabia nchi hizo utafiti wa kipindupindu kwa kazi iliyofanyika kwenye ubongo wa panya.

Cha nne kinatokea kwenye hifadhidata za fani zote. Kihispania na Kireno huandika kipindupindu "cólera", neno ambalo pia lina maana ya hasira, na hivyo uhakiki wa fasihi nao huingia.

Kwa PubMed anza hivi:

("Vibrio cholerae"[mh] OR "Cholera"[mh] OR "Vibrio cholerae"[tiab] OR cholera[tiab]) NOT ("hog cholera"[tiab] OR "fowl cholera"[tiab]) NOT ("cholera toxin"[tiab] AND (retrograde[tiab] OR neurons[tiab]))

Alama [mh] hutafuta kwenye vichwa vya MeSH, na [tiab] kwenye kichwa cha habari na muhtasari. Zote mbili zinahitajika. Makala mpya zinaweza kuwa bado hazijapewa MeSH, na zipo nyingi ambazo hazitapewa kamwe. Ukitegemea MeSH peke yake, miaka ya karibuni inaweza kuonekana mikavu.

Onyo kuhusu NOT. Amri hii hukata kila kitu kilichoguswa na neno hilo, hata makala nzuri iliyolitaja kwa bahati. Kabla ya kuikubali, tafuta kile inachokiondoa peke yake na usome vichwa vya habari. Ukiona makala halali zikienda na maji, punguza ukali wake.

Kwa vimelea vingine, kazi kubwa ni kukusanya majina ya zamani. Helicobacter pylori aliitwa Campylobacter pylori hadi 1989. Burkholderia pseudomallei alikuwa Pseudomonas hadi 1992. Clostridium difficile akawa Clostridioides difficile mwaka 2016, na madaktari wengi bado wanatumia jina la zamani. Candida glabrata sasa huandikwa pia Nakaseomyces glabratus. WHO ilipendekeza jina la mpox badala ya monkeypox Novemba 2022. Ukitafuta kwa jina jipya tu, utapata grafu ya kimelea kilichozaliwa jana, na nchi zinazowahi kupokea majina mapya zitaonekana kinara bila kustahili.

Umefanikiwa ikiwa ukipitia ukurasa wowote wa matokeo hukutani na nguruwe, kuku wala neva.

## Hatua ya 4: Pima utafutaji wako kabla ya kupakua

Kwanza, angalia kama zile makala 20 hadi 30 ulizozijua zote zimenaswa. Iliyokosekana isome, utafute neno ililotumia, uliongeze.

Pili, chukua makala 100 kwa nasibu, usome kichwa na muhtasari, uhesabu ngapi zinahusika kweli. Mimi hukubali kuanzia 90 kwenda juu.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: rudia kipimo hicho kwa kila nchi peke yake, makala 30 kwa kila moja. Wastani mzuri unaweza kuficha upotovu. Ikiwa kwa Bangladesh makala 29 kati ya 30 zinahusika, na kwa Marekani 21 tu, basi ulinganisho wako umeinama upande mmoja, na hakuna hesabu ya baadaye itakayounyoosha. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Pakua rekodi kamili

Mtego wa kwanza ni aina ya faili. Ukichagua CSV, faili la jedwali, kwenye PubMed, utapata jina la makala, waandishi, jarida na DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni), lakini hutapata anwani. Bila anwani hakuna nchi. Chagua umbo linaloitwa "PubMed", faili la maandishi ambalo kila mwandishi ana mistari yake: FAU kwa jina kamili, AD kwa anwani.

Mtego wa pili ni kikomo. Ukurasa wa PubMed hukuruhusu kupakua rekodi 10,000 tu kwa mara moja. Gawanya kwa miaka, kisha uunganishe mafaili na uondoe zinazojirudia kwa kutumia PMID, namba ya pekee ambayo PubMed huipa kila rekodi.

Mtego wa tatu uko kwenye grafu ndogo ya miaka iliyo pembeni ya matokeo. Inavutia kuipakua na kumaliza kazi. Lakini grafu hiyo huhesabu tarehe zote za makala: iliyotoka mtandaoni Desemba 2018 na kwenye karatasi Februari 2019 inaingia miaka yote miwili. Jumla ya miaka haitalingana na jumla ya makala. Amua tarehe moja, mimi hutumia ile ya kwanza kuonekana, kisha itoe mwenyewe kwenye rekodi ulizopakua.

Hapa hapa amua aina za makala. Ripoti za utafiti na mapitio zibaki. Barua, tahariri na masahihisho ziondoke. Makala zilizobatilishwa zina alama yake, "Retracted Publication"[pt], na mwaka 2023 pekee dunia ilibatilisha zaidi ya makala 10,000 za fani zote. Ziondoe, kisha uandike ni ngapi kwa kila nchi.

Umefanikiwa ikiwa idadi ya rekodi kwenye faili lako inalingana na iliyoonekana kwenye skrini, ukitoa zile ulizoziondoa kwa makusudi.

## Hatua ya 6: Toa nchi kwenye anwani

Tengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mwandishi kwa kila makala: PMID, mwaka, nafasi ya mwandishi (wa kwanza, wa kati, wa mwisho), anwani, na safu tupu ya msimbo wa nchi. Kisha jaza msimbo, ukianzia neno lililo baada ya mkato wa mwisho wa anwani.

Usitafute jina la nchi popote lilipo ndani ya anwani. Haya ndiyo yatakayokupata:

- Niger. Utanasa Niger Delta University na Jimbo la Niger, vyote vya Nigeria. Ukitafuta kwenye sehemu zote za rekodi badala ya anwani, utanasa pia kuvu Aspergillus niger, na nchi ya Niger itakuwa bingwa wa utafiti wa kuvu duniani.
- Guinea. Zipo Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta na Papua New Guinea. Misimbo yake ni GIN, GNB, GNQ na PNG.
- Georgia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kipo Atlanta katika jimbo la Georgia. Kwa mada ya vimelea, kosa hili moja linaipa nchi ya Georgia ya Kaukasi mamia ya makala.
- Ireland na Mexico. Northern Ireland ni ya Uingereza, New Mexico ni jimbo la Marekani.
- Uingereza. Web of Science huiandika vipande vipande: England, Scotland, Wales, Northern Ireland. Viunganishe, lakini makala yenye waandishi wa England na Scotland ihesabiwe mara moja.

Zipo pia nchi zilizobadilika zenyewe. Sudan Kusini ilipata uhuru 2011. Zaire ilirudi kuitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1997. Swaziland ikawa Eswatini 2018, Macedonia ikawa Macedonia Kaskazini 2019. Tofautisha waliobadili jina na waliobadili mipaka. Waliobadili jina wanaunganishwa tu. Kwa waliobadili mipaka, kama Umoja wa Kisovieti uliovunjika 1991, anza mfululizo wako baada ya mabadiliko. Makala za Kisovieti si za Urusi peke yake.

Anwani zisizo na nchi, kama "Harvard Medical School, Boston, MA", zijaze kwa kutumia mji na taasisi. OpenRefine hukusanya pamoja maandishi yanayofanana, ukarekebisha mara moja badala ya mara mia.

Umefanikiwa ikiwa anwani zisizojulikana hazizidi 5% katika mwaka wowote. Angalia mwaka kwa mwaka, kwa sababu jumla ya 3% inaweza kuwa ni 15% ya miaka ya mwanzo na sifuri ya mwisho, na tofauti hiyo itakuchorea ukuaji ambao haukuwepo.

## Hatua ya 7: Chagua namna ya kuhesabu, na uishikilie

Chukua makala moja yenye waandishi 8: watano wa Marekani, wawili wa Haiti, mmoja wa Uswisi.

Kwa hesabu kamili, kila nchi inapata 1. Kwa mafungu ya waandishi, Marekani inapata 0.625, Haiti 0.25 na Uswisi 0.125. Kwa mwandishi wa kwanza, nchi moja inachukua yote na nyingine hazipati kitu.

Hesabu kamili hujibu swali la ushiriki: Haiti imehusika katika tafiti ngapi? Mafungu hujibu swali la mchango. Mwandishi wa kwanza au wa mwisho hujibu swali la uongozi, na kwa magonjwa ya nchi maskini hili ndilo swali zito kuliko yote. Nchi inaweza kuonekana kwenye makala nyingi za kipindupindu huku watafiti wake wakiwa katikati ya orodha kila mara: sampuli zilichukuliwa kwao, maswali yakaulizwa kwingine. Ukipiga hesabu kamili peke yake, hali hiyo inajificha kabisa. Kwa hiyo nashauri sana utoe safu mbili kwa kila nchi, ya hesabu kamili na ya mwandishi wa kwanza. Pengo kati yake ni matokeo yenye thamani kuliko nafasi ya nchi kwenye orodha.

Onyo. Ukitumia hesabu kamili, jumla ya nchi zote itazidi idadi ya makala. Usichore duara la asilimia kwa data hiyo.

## Hatua ya 8: Gawanya kabla ya kulinganisha

Idadi tupu hukuambia nchi ni kubwa, jambo ulilolijua tayari. Kwa kila swali kuna kitu chake cha kugawia.

Kujua kipaumbele, gawanya kwa machapisho yote ya tiba ya nchi hiyo mwaka huo, kutoka hifadhidata ile ile na kwa hesabu ile ile. Tazama namba hizi za mfano: nchi imetoka makala 20 hadi 60, imeongezeka mara tatu. Lakini machapisho yake yote yametoka 1,000 hadi 4,000. Hisa ya kipindupindu imeshuka kutoka 2% hadi 1.5%. Ukisema utafiti wa kipindupindu umeongezeka mara tatu, umesema kweli. Ukisema nchi imekipa kipaumbele zaidi, umepotosha.

Kulinganisha umahususi wa nchi, gawanya hisa hiyo kwa hisa ya dunia. Ikiwa dunia ina 0.4%, nchi yenye 2% inapata 5, na nchi yenye 0.2% inapata 0.5, hata kama hiyo ya pili ina makala mara kumi zaidi.

Kujua uwiano na mzigo wa ugonjwa, gawanya kwa idadi ya wagonjwa, ila kwa tahadhari kubwa. Takwimu za wagonjwa wa kipindupindu hutegemea nchi kuripoti, na zipo nchi zenye mlipuko zinazoripoti "kuharisha kwa maji" tu. Ukigawia namba ndogo isiyo ya kweli, utapata uwiano mkubwa usio wa kweli.

Jihadhari pia na 2020 na 2021. COVID-19 ilivimbisha machapisho yote ya tiba kiasi kwamba hisa za vimelea vingine zilishuka hata pale ambapo makala zake hazikupungua. Piga hesabu mara mbili, moja ikiwa imetoa makala za SARS-CoV-2 kwenye idadi ya kugawia, uzionyeshe zote.

## Hatua ya 9: Kila mruko uwekwe kwenye mtihani

Chora wastani wa miaka mitatu mitatu ili mistari itulie. Nchi zikitofautiana sana kwa ukubwa, tumia mizani ya logi, ambayo mstari ulionyooka una maana ya ukuaji wa asilimia ile ile kila mwaka.

Sasa tafuta mahali grafu inaporuka, na kwa kila mruko uulize: nchi imebadilika, au kipimo ndicho kilichobadilika?

Shida ni kwamba mara nyingine vyote viwili hutokea mwaka mmoja. Kipindupindu kiliingia Peru Januari 1991 na kuenea Amerika ya Kusini. Mwaka huo huo Web of Science ilianza kuhifadhi muhtasari. Mtu anayeona makala za kipindupindu zikiruka 1991 ana maelezo mazuri mkononi, na hapo ndipo anapoingia mkenge, maana hajui ni kiasi gani cha mruko kilitoka Peru na kiasi gani kilitoka kwenye kompyuta ya hifadhidata.

Ebola ni vivyo hivyo. Mlipuko wa Afrika Magharibi ulitangazwa Machi 2014, mwaka ule ule PubMed ilipoanza kuandika anwani za waandishi wote. Guinea, Liberia na Sierra Leone zinapanda kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja.

Zifungue kwa mitihani mitatu.

Mtihani wa mwandishi wa kwanza. Kwa PubMed, hesabu upya ukitumia AD ya kwanza tu, ile inayofuata FAU ya kwanza, kwa miaka yote kabla na baada ya 2014. Sehemu ya mruko itakayobaki si ya mabadiliko ya anwani.

Mtihani wa kichwa cha habari. Kwa Web of Science, tafuta neno kwenye kichwa cha habari pekee kwa miaka yote. Vichwa vilikuwepo kabla na baada ya 1991, hivyo kipimo hakijasogea.

Mtihani wa mada ya pembeni. Chagua mada isiyoguswa na tukio hilo, kwa mfano kisukari, nchi ile ile, miaka ile ile. Ikiwa kisukari nacho kimeruka mwaka huo huo, ondoa kiasi hicho kabla ya kuusifu mlipuko au sera yoyote.

Mruko ukivuka yote mitatu, ndipo utafute sababu yake nje: mlipuko, mfuko mpya wa fedha, taasisi mpya. Haiti ilipatwa na kipindupindu Oktoba 2010, na makala huchukua miezi au miaka kutoka, kwa hiyo tarajia athari kuanzia 2011. Makala zikiongezeka *kabla* ya tukio, tukio hilo si sababu.

Na kwa nchi zenye makala chache, pima bahati kwanza. Kanuni ya haraka: kipeuo cha pili cha idadi ndicho mtikisiko wa kawaida. Nchi yenye makala 9 inaweza kutikisika kwa 3 juu au chini bila sababu yoyote, hivyo kutoka 9 hadi 14 si habari. Unganisha miaka mitano mitano, au iache nchi hiyo nje ya orodha ya walioongoza.

Umefanikiwa ikiwa pembeni ya kila mruko kwenye grafu umeandika majibu ya mitihani mitatu, na angalau mmoja umegundua kwamba haukuwa wa kweli. Data za miaka ishirini zisizo na mruko hata mmoja wa bandia ni nadra. Usipouona, angalia tena mstari wako wa miaka wa hatua ya 2.

## Hatua ya 10: Andika matokeo yanayoweza kurudiwa

Kwenye sehemu ya mbinu weka maneno ya kutafutia yote bila kufupisha, tarehe ya kutafuta, hifadhidata, aina za makala, namna ya kuhesabu, na asilimia ya anwani zisizojulikana. Kwenye grafu zenyewe chora mstari wima wa vitone kwa kila mwaka ambao hifadhidata ilibadilika, msomaji auone bila kutafuta tanbihi.

Taja waliokosekana. PubMed huchukua zaidi majarida ya Kiingereza, na utafiti uliochapishwa kwa Kifaransa, Kireno au Kichina katika majarida ya nyumbani hauonekani kikamilifu. Usiandike "nchi hii haitafiti kipindupindu" pale unapoweza kusema tu kwamba haionekani PubMed. Hapo ndipo hifadhidata ya pili inapofanya kazi: endesha hesabu ile ile OpenAlex, na kama mpangilio wa nchi unabadilika sana, hilo liingie kwenye matokeo, siyo kwenye kiambatisho.

Mwisho, mpe mwenzako faili la kumbukumbu peke yake, bila maelezo ya mdomo, arudie hesabu ya nchi moja kwa mwaka mmoja. Akitofautiana nawe kwa makala moja au mbili, ni rekodi zilizoongezwa baada ya tarehe yako. Akitofautiana zaidi ya hapo, anza kukagua tarehe ya makala uliyochagua hatua ya 5, kisha mabano ya maneno ya kutafutia. Bano moja lililofungwa mahali pasipo pake hubadilisha kila kitu kinachofuata NOT.